Upindo wa Picha

Kijana wa duka alikwisha chomeka flashi. Kompyuta ya mteja ilikuwa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo kimekuwa cheusi, na pembeni juu kistari kimoja kinapepesa. "Fundi, hii tuipige upya tu," alisema. Mzee wa duka lile la Kariakoo hakumjibu. Alivuta kiti, akabonyeza Ctrl, Alt na F2 kwa pamoja, akaingia kwenye ukurasa wa maandishi, akafungua faili la kumbukumbu la seva ya X, programu inayochora picha kwenye kioo, na kuanza kulisoma kuanzia juu, kidole kikifuata mistari. "Ngoja kwanza, mwanangu. Imeshasema yenyewe inaumwa wapi."

Ilikuwa imesema kweli. Kerneli mpya iliingia na sasisho la usiku, na draiva ya kadi ya video ikabaki ile iliyojengwa kwa kerneli ya zamani. Amri mbili, kuwasha upya, picha ikarudi, na kazi zote za mteja zikiwa mahali pake.

Usomaji ule ndio ninaotaka kuusifu. Mistari ya faili lile, Xorg.0.log, hutanguliwa na alama mbili ndani ya mabano, na ndani ya alama hizo imo adabu nzima ya kazi. Nyota mbili ni jambo aliloliagiza mwenye mashine katika faili lake la mipangilio. Vistari viwili ni jambo ambalo seva imelichunguza yenyewe kwenye kifaa. Alama mbili za sawasawa ni chaguo lililowekwa tangu mwanzo, mtu asipoagiza kitu. WW ni onyo, EE ni kosa. Programu haikuambii tu kilichopo. Inakuambia imekijuaje: niliambiwa, niliona, au nilidhania. Laiti sisi wenyewe tungepashana habari kwa uangalifu huo. Na mtu aliyezoea kusoma alama zile hababaiki mbele ya kioo cheusi, kwa sababu anajua kwamba giza la mbele halina maana kwamba nyuma kuna ukimya.

Waliotumia Linux na BSD miaka ya 1990 walikuwa na kazi nyingine zaidi ya kusoma. Picha yenyewe ilibidi ipimwe kwa mkono. Monita za wakati ule, zile nzito zenye mgongo, zilichora kwa mwale wa elektroni uliokimbia kutoka kushoto kwenda kulia, ukazimwa, ukarudi, ukashuka mstari mmoja, ukaanza tena, hata ukifika chini ukarudishwa juu. Katika faili la XF86Config fundi aliandika mstari mmoja kwa kila kipimo cha picha, na ndani ya mstari huo ilimo safari yote ya mwale. Huu ni wa picha ya pikseli 1024 kwa 768:

65.00 1024 1048 1184 1344 768 771 777 806

Namba ya kwanza ni mwendo: pikseli milioni 65 kwa sekunde. 1024 ni upana unaoonekana. Lakini mstari hauishii hapo, unaendelea hadi 1344. Zile 320 za ziada hakuna jicho litakaloziona. Ni muda uliopewa mwale wa kuzimika, kupokea ishara ya kurudi, ambayo huanza kwenye 1048 na kukoma kwenye 1184, kisha kutulia kabla ya kuanza mstari mwingine. Fundi cherehani anaujua ukweli huu: kitambaa kinachoonekana si kitambaa chote, lazima uache upindo, na ukiubania nguo nzima inavutika. Kwa kimo ni vilevile. Mistari 768 huonekana, 806 huhesabiwa.

Kisha hesabu. Gawa 65,000,000 kwa 1344, utapata mistari kama 48,363 kila sekunde. Gawa tena kwa 806, utapata picha 60. Hapo ndipo kijitabu cha monita, ambacho wengi walikuwa wamekitupa pamoja na boksi, kinakuwa na thamani ya dhahabu. Kama kinasema monita inavumilia hadi kilohezi 50, endelea. Kama kinasema 38, futa uanze upya. Onyo lililoandikwa kwenye nyaraka za XFree86 halikuwa la kutishia watoto: monita ya zamani isiyo na kinga, ikilazimishwa kukimbia nje ya uwezo wake, iliweza kuharibika kabisa.

Baada ya hesabu kulikuwa na masikio. Uliandika startx, ukasikia swichi ndani ya monita ikigonga, tak, monita ikibadilisha mwendo. Ikigonga mara moja na kutulia, moyo ulitulia pia. Ikianza kulia kwa sauti nyembamba huku picha ikichanika mishazari, vidole vilikuwa tayari kwenye Ctrl, Alt na Backspace kuiua seva. Na ikitulia, ndipo ulipoliona pambo la kale la X: usuli wa kijivu uliosukwa kwa vinukta vyeusi na vyeupe, na katikati yake alama ya X ikifuata kipanya chako. Vinukta vile vilikuwa vidogo kiasi kwamba kioo kisichotulia kilijitangaza chenyewe. Hakuna picha ya milima wala ya bahari iliyonipa furaha kama kitambaa kile cha kijivu. Siku hizi seva huanza na weusi mtupu, na anayetaka usuli ule lazima auombe kwa jina la kizamani, -retro.

Picha iliyotulia iliweza bado kukaa upande. Palikuwa na programu ndogo, xvidtune, iliyokupa vitufe vya kuisogeza: ukihamisha mwanzo na mwisho wa ishara kwa pikseli 8, picha nzima inahama kidogo. Fundi alisogeza, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama kona zote nne, akasogeza tena. Hakuna aliyemlipa kwa zile pikseli 8.

Mfumo wa X ulizaliwa MIT mwaka 1984, mikononi mwa Bob Scheifler na Jim Gettys, na toleo la 11, ambalo ndilo tunalolijua, lilitoka 1987. XFree86 iliuleta kwenye kompyuta za kawaida kuanzia 1992, mpaka ugomvi wa leseni wa 2004 ulipowahamishia wengi X.Org. Katikati ya hayo monita zilijifunza kujieleza: zikapewa kumbukumbu ndogo ya baiti 128 inayotaja vipimo vyake, na kompyuta ikaisoma yenyewe kupitia waya. Mwaka 2009, kwa Linux 2.6.29, kerneli ilianza kupanga picha yenyewe kwenye kadi za Intel. Sichukii wepesi huo. Ulijengwa na watu walioyajua magumu yote niliyoyaeleza.

Wa kusifiwa kupita wote, kwangu, ni waliounda Nouveau, draiva huria ya kadi za NVIDIA. NVIDIA ilitoa draiva yake ikiwa imefungwa na haikutoa maelezo ya kadi zake. Basi kundi la watu wa kujitolea liliamua kusikiliza. Walirekodi kila kilichoandikwa kwenye kadi, wakabadilisha jambo moja tu, wakarekodi tena, wakalinganisha. Watumiaji wa nchi mbalimbali waliendesha programu ya kunasa hali ya kadi zao na kutuma matokeo. Chombo cha kunasa mazungumzo hayo ya draiva na kadi, mmiotrace, kiliingia kwenye kerneli mwaka 2008, na Nouveau yenyewe ikaingia 2010 na Linux 2.6.33. Kisha, kuanzia kadi za 2014, NVIDIA ikadai programu ya ndani yenye sahihi yake, na Nouveau ikazuiwa kuipandisha kadi mwendo. Mei 2022 kampuni ilifungua msimbo wa moduli zake za kerneli. Waliokesha miaka ile yote wakiweka tarakimu mbili ubavu kwa ubavu hawakuimbiwa na mtu.

Kinachoniuma si kwamba kazi imerahisika. Ni kwamba mkono uliopumzishwa umelala kabisa. Kioo kikizimika, flashi inatoka mfukoni kabla swali halijatoka mdomoni. Tunaita kasi, lakini aliyepiga upya hajajua kilichoharibika, na mwezi ujao kerneli ikisasishwa tena atapiga upya tena, na mteja atalipa tena.

Na mambo yenyewe yanaondoka. Mwaka 2025 Red Hat Enterprise Linux 10 ilitoka bila seva ya X, Wayland ikiwa imeshika nafasi yake. Kabla ya hapo, 2023, Linux 6.3 iliondoa draiva saba za kadi za kale kwa mpigo: i810, mga, r128, savage, sis, tdfx na via. Sababu ni za haki. Mesa, maktaba ya kuchora picha, ilikwisha kuachana nazo tangu 2012, na msimbo wake ulikuwa wa enzi isiyojali usalama. Lakini kwetu, ambako kompyuta nyingi za shule zilifika zikiwa zimeshatumika kwingine, kadi hizo tulizijua kwa majina, na zilibaki mezani mwetu baada ya wenzetu kuzisahau. Msimbo haujapotea, umo kwenye historia ya Git, na yeyote anaweza kuuchota leo jioni. Anayekosekana ni mtu mwenye kadi ya 3dfx, ile ya draiva ya tdfx, inayowaka bado, na subira ya kuanza kusoma kuanzia mstari wa kwanza. Nimeuliza Kariakoo nzima, sijampata.