Simba Yule Yule: Usimulizi Upya Katika Filamu na Tamthilia

Wanafunzi wetu hapa Garsen hulalamika kwamba filamu nyingi zinazotoka siku hizi ni za zamani zilizovishwa kanzu mpya. Malalamiko haya yana msingi, ila yanahitaji kipimo cha kihakiki. Kusimulia upya si kosa. Fasihi simulizi yote huishi kwa njia hiyo. Swali ni hili: msimulizi wa pili ameongeza nini?

Hebu tutazame The Lion King. Filamu ya vibonzo ya 1994 iliazima majina ya Kiswahili kama vile Simba, Rafiki na Shenzi, ikayaeneza duniani. Mwaka 2019 kampuni ya Disney iliitoa tena. Ploti ni ile ile, na matukio mengi yanafuatana vile vile. Kilichobadilika ni teknolojia: wanyama sasa wanafanana na wale wa mbugani. Lakini uso wa simba halisi hauonyeshi huzuni kama ule wa kuchorwa. Fani imebadilika, dhamira imebaki palepale, hisia zimepungua. Mufasa ya 2024 angalau ilizua swali jipya: ndugu hugeukaje kuwa adui?

Linganisha na kisa cha kwetu. Kaburi la Fumo Liyongo husemekana liko Ozi, karibu na Kipini. Katika masimulizi, shujaa huyu anasalitiwa na mwanawe aliyeahidiwa binti wa mfalme, naye anafia kisimani. Kithaka wa Mberia alikichukua kisa hiki katika tamthilia ya Kifo Kisimani (2001). Kisima kipo, ahadi ya ndoa ipo, na msaliti yupo, ndiye Gege. Hata hivyo, Mwelusi hauawi kwa kuwa anatishia kiti cha mfalme kama Liyongo. Anauawa kwa kuwatetea wanabutangi dhidi ya udhalimu wa Bokono. Kisa cha kale kimepewa swali la wakati wetu.

Kwa hivyo mtahiniwa, ukilinganisha kazi mbili, usitosheke kusema "zinafanana". Taja kilichohifadhiwa, kilichobadilishwa, na sababu ya kubadilishwa. Hoja hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito. Kazi isiyokuwa nayo, hata ikigharimu mamilioni, ni nakala tu. Nasi walimu tusiwaache wanafunzi wamjue Mufasa kuliko Liyongo, ilhali Ozi ni jirani.