Waandishi wanaokimbilia maporomoko ya maji hurudi na nini?

KUMEZUKA mtindo miongoni mwa waandishi chipukizi wa Kiswahili humu nchini. Wikendi ikifika, watano au sita huchanga pesa za mafuta, wakapanda gari la mmoja wao na kufululiza hadi Thika, Nyeri au Nyahururu kutazama maporomoko ya maji. Ukiwauliza wanaenda kufanya nini, jibu ni moja: kutafuta ilhamu. Jumatatu mashairi huanza kumiminika.

Nimeyasoma mengi. Baadhi huletewa na wanafunzi wangu, mengine husambazwa katika makundi ya WhatsApp. Karibu yote yana maji yaleyale. Maporomoko ni ya kuvutia, mandhari ni ya kupendeza, ndege wanatumbuiza, upinde wa mvua haukosi, na mshairi ana furaha isiyo na kifani. Futa jina la mahali kwenye anwani na hutajua iwapo mtu huyu alisimama Fourteen Falls kwenye Mto Athi au Karuru kule Aberdare. Ilhali maporomoko hayo hayafanani hata chembe. Fourteen Falls ni ukingo mpana ambapo mto hugawanyika na kuanguka kwa mikono mingi, mmoja kando ya mwingine. Karuru huteremka kwa vidato vitatu, jumla ya mita 273, katikati ya msitu na ukungu. Aliyeviona vyote viwili akaviita "vya kuvutia" na kuishia hapo hajatuambia kitu.

Hebu tulipekue hilo neno. Kuvutia ni kitenzi chenye deni: kinamvutia nani? Katika vijitabu vya utalii jibu linajulikana, anayevutwa ni mgeni mwenye pesa zake. Mshairi anapolibeba neno hilo jinsi lilivyo, anajigeuza mtalii katika nchi yake mwenyewe, na macho yake yanaona kile ambacho kijitabu kilikwisha kumwonyesha kabla hajatoka nyumbani.

Neno "maporomoko" lenyewe ni tajiri kuliko wanavyolitumia. Fungua gazeti hili wiki yoyote: jengo limeporomoka, bei ya majani chai imeporomoka, maporomoko ya ardhi yamefukia nyumba. Katika sikio la Mkenya, kuporomoka ni balaa. Sasa mshairi anaposema "maporomoko ya kuvutia" ameviunganisha vitu viwili vinavyovutana, uharibifu na uzuri, wala hana habari! Angetulia hapo tu, kwenye huo mvutano, angepata ubeti. Badala yake anakimbilia upinde wa mvua.

Kuna jambo jingine linalonishughulisha zaidi, nalo ni sauti. Tanakali tulizofunzwa shuleni kuhusu kuanguka ni nzuri ajabu. Kitu huanguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi, sakafuni pu. Lakini zichunguze. Kila mojawapo ni ya kitu kinachoanguka mara moja kikaisha. Hata ndo! ndo! ndo! ya matone ina mapengo ndani yake. Maporomoko ya maji hayaishi kuanguka. Yanaanguka sasa hivi unaposoma, na yalikuwa yakianguka usiku ulipolala. Mshairi anayeandika kwamba maji yalianguka chubwi amesikia jiwe, hajasikia mto. Hapo ndipo kazi ya utunzi ilipo: kuiundia lugha sauti ambayo orodha ya darasani haina.

Wenyeji wa kale hawakushindwa. Inasimuliwa kwamba jina Nyahururu lina asili ya Kimaasai na kwamba linahusu maporomoko yenyewe. Litamke polepole usikie hizo "ru" mbili zinavyofuatana bila kupumua. Mto wenyewe ni Ewaso Narok, na narok kwa Kimaasai ni -eusi. Kwa hiyo sikio lilifanya kazi yake na jicho pia. Kisha mwaka wa 1883 akapita Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, na mahali pakaja kuitwa Thomson's Falls. Jina hilo linatwambia nani alipita, halitwambii lolote kuhusu maji. Nahofia kwamba mashairi mengi ya wikendi ni ya aina hiyo ya Thomson: nilikuja, nilisimama hapa, nilipiga picha.

Mimi pia nimewahi kusimama pale juu, mahali ambapo watu hulipia picha na wachezangoma waliovalia mavazi ya jadi. Kutoka juu, mita 74 za maji ni utepe mweupe, na mngurumo ni kama wa lori la mbali. Shuka ngazi hadi chini na mambo hugeuka. Manyunyu yanakulowesha miwani, huoni vizuri, na sauti unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Kijana aliyekuwa akituongoza alinigeukia: "Mzee, shuka pole pole, hapo kuna utelezi. Leo maji imejaa. Wakati wa jua hii kitu inakuwanga kamba tu." Walimu wa sarufi tungemwandama kwa ngeli zake. Lakini aisee, kamba! Katika sentensi hiyo mna majira, mna umbo, na mna mtu anayeyajua maji haya mwaka mzima. Sijakutana na sitiari ya kuishinda katika mashairi yote niliyosoma.

Sipingi safari. Riwaya ya Ken Walibora, Siku Njema (1996), inamsafirisha Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale, na barabara inamjenga mhusika kwa sababu ana shida inayomsukuma: anamtafuta babake. Kwa upande mwingine, Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa mfungwa kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Mandhari gani hapo? Alikuwa na jambo la kusema na bahari nzima ya lugha ya Mombasa kichwani.

Vijana wetu wanapita Gilgil na Ol Kalou wakiwa wamefunga madirisha, muziki juu, wakizipita gunia za viazi na kabeji zilizopangwa kando ya lami. Mashamba ya juu ya mto yanahitaji maji, na yanayobaki ndiyo yanayofika kwenye jabali la Nyahururu. Chini ya jabali mto haukomi. Unaendelea kuelekea Rumuruti na vinamasi vyake, kisha unaungana na Ewaso Ng'iro kwenda kaskazini, kwa wafugaji ambao maji yakipungua ng'ombe wao hufa. Sijasoma shairi hata moja lililoyafuata maji hayo kupita pale yanapotua. Ningependa sana kusoma lile litakaloanzia Rumuruti msimu wa kiangazi, lipande na mto hadi kwenye ile kamba.