Mti wa Dhulma Hauhuishi Ardhi

Kila yanapozungumzwa mabadiliko ya tabianchi, watetezi wa dola ya Israel huleta hoja moja: kwamba waliikuta nchi jangwa wakaifanya kijani. Mfuko wa Taifa wa Kiyahudi, ulioasisiwa mwaka 1901, unajivunia kupanda miti zaidi ya milioni 240. Baadhi ya Waislamu hukosa la kujibu, kwani nao wanaijua fadhila ya kupanda mti. Basi na tuipime hoja hii kwa mizani ya fiqhi.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa anayeihuisha ardhi mfu (mawaat) huwa yake. Lakini katika hadithi hiyo hiyo, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, amekanusha kuwa mzizi uliopandwa kwa dhulma una haki yoyote. Abu Daud amepokea pia kisa cha mtu aliyepanda mitende katika ardhi ya mwenziwe: ardhi ilirudishwa kwa mwenyewe, na mitende, japo ilikwisha kuwa mirefu, ikapigwa mashoka. Imam Abu Hanifa ameshurutisha idhini ya mtawala katika kuhuisha. Wanafunzi wake wawili na Imam Shafi hawakuishurutisha. Ama shamba ambalo mwenyewe yumo analilima, hakuna aliyesema kuwa ni mawaat.

Sheria ya Ardhi ya dola ya Uthmaniya ya mwaka 1858 iliichukua istilahi hii. Aliyelima mawaat bila idhini hakufukuzwa. Alilipa thamani yake akapewa hati. Mwaka 1921 Waingereza waliufunga mlango huo: asiye na idhini hana haki, na waliokwisha kulima walipewa miezi miwili tu wajisajili. Mabedui wa Naqab, ambao mipaka yao ilijulikana kwa ada na ushahidi wa majirani, wengi wao hawakujisajili. Mwaka 1984, katika kesi ya ukoo wa al-Hawashla, Mahakama Kuu ya Israel ikahukumu kuwa ardhi waliyoidai ni mawaat. Kijiji cha al-Araqib kilibomolewa Julai 2010, na tangu hapo kimebomolewa tena zaidi ya mara 200, huku miti ikipandwa kandokando yake. Neno lililowekwa ili limpe mkulima ardhi likageuzwa la kumpokonya.

Wasomaji wa historia wanaijua Amwas kwa tauni ya mwaka 18 Hijria, aliyofia Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.). Mwaka 1967 jeshi la Israel liliwafukuza watu wa kijiji hicho na wa Yalu na Bayt Nuba, likabomoa nyumba zao. Juu ya magofu ya Amwas na Yalu leo pana msitu wa mapumziko uitwao Canada Park. Hatukanushi kwamba mti husafisha hewa. Lakini hauhalalishi kilichoporwa. Tena misonobari iliyopandwa kwa wingi hushika moto upesi. Moto wa Mlima Karmeli wa Desemba 2010 uliua watu 44.

Na ukame unapozidi, mkulima huchimba kisima. Katika Ukingo wa Magharibi, tangu amri ya kijeshi namba 158 ya mwaka 1967, Mpalestina hachimbi bila kibali. Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2009 kuwa Wapalestina wanachota kiasi cha asilimia 20 tu ya maji ya chini ya ardhi wanayoshirikiana na Israel. Mvua huizuia Mwenyezi Mungu (s.w.), kibali huzuiwa na mwanadamu, naye ataulizwa. Anayedai haki katika tabianchi akanyamazia ardhi na kisima, ameacha nusu ya madai.

Kwa hiyo tunazikosoa pia khutba zinazoifupisha Palestina katika Msikiti wa al-Aqsa peke yake. Mlango wa ghasbu unasomeshwa katika madrasa zetu. Na usomeshwe kwa mifano hii. Wala mizani hii si ya Mazayuni tu. Shamba la yatima lililoporwa mtaani kwetu halitakasiki kwa kupandwa miembe.

Wabillahi tawfiq.