Swali la Maji Kupwa

Kipindi kimoja cha sekondari nchini Kenya ni dakika 40, na vikiunganishwa viwili kwa ajili ya majaribio ni 80. Bahari ya Lamu haiijui kengele hiyo. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Baina ya saa hizo mbili, ya ukutani na ya mwezi, ndipo anapofanyia kazi mwalimu wa baiolojia anayewatoa wanafunzi darasani akawapeleka mikokoni. Kazi yake ni ufundi, nami naona haujasifiwa vya kutosha.

Kiini cha ufundi huo ni swali. Swali kubwa la kitabuni, kwa mfano mikoko ina faida gani, halijibiki ukiwa umesimama topeni. Mwalimu hodari hulichonga hadi kibaki kipande ambacho wanafunzi watakianza maji yakipwa, na kabla hayajajaa wawe na jibu mkononi, au angalau wawe na namba za kubishania.

Kwanza lazima aujue mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu kupwa huko huangukia asubuhi, mnamo saa nne au saa tano. Siku za maji mafu hazifai, maana bahari haisogei vya kutosha kulifunua tope. Mwalimu aliyehamishiwa visiwani kutoka bara huenda asiyajue haya, lakini mwanafunzi ambaye babake ni mvuvi ameyajua kabla ya kujua kusoma. Mwalimu akimuuliza mwanafunzi huyo, mbele ya wenzake wote, maji yatakupwa saa ngapi Alhamisi, kisha akaliandika jibu lake ubaoni, somo limeshaanza.

Na vifaa vipo. Zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti ya Lamu. Mtaala wa Kidato cha Tatu una mada ya ikolojia, na ndani yake kuna mimea inayostahimili chumvi na mbinu za kukadiria idadi ya viumbe. Mwanafunzi wa Kitui akiichora mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, kutoka kitabuni, hana njia nyingine. Mwanafunzi wa Lamu akiichora kutoka kitabuni, ilhali mchu wenyewe uko mwendo mfupi tu wa mashua, hunisikitisha sana.

Mpe jani la mchu alilambe. Chumvi anayoionja imetolewa na jani lenyewe kupitia tezi zake ndogo. Kisha alambe la mkoko wenyewe, aina nyingine, ambao huzuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini isipande kabisa. Mwalimu mwenye haraka atawaeleza tofauti hiyo papo hapo. Fundi hunyamaza, akasubiri mmoja aseme kwamba labda jani limerukiwa tu na maji ya bahari. Haya, sasa jani lioshwe kwa maji gani, liachwe kwa muda gani, lilinganishwe na lipi? Jaribio limezaliwa, na wenyewe ni wanafunzi.

Ninalolipenda kuliko yote ni la kuhesabu konokono wa matopeni, ingawa linahitaji kwenda mara mbili. Kuwahesabu wote haiwezekani. Kwa hiyo wanafunzi huzungushia kamba kipande cha tope, huokota konokono, tuseme 60, humtia kila mmoja tone la rangi ya kucha na kumrudisha alipokuwa. Kesho yake huokota tena. Wakipata 50, na 10 kati yao wakiwa na rangi, wanazidisha 60 kwa 50, wanagawa kwa 10, wanapata 300. Karatasi ya mtihani hutosheka na hiyo 300. Topeni ndipo ubishi unapoanza. Je, rangi haikufutika? Maji hayakuleta konokono wengine usiku? Mbona tumeokota wakubwa watupu? Na hili, ambalo akiliuliza mwanafunzi wa miaka 16 mwalimu ana haki ya kufurahi mwezi mzima: tuliwatia rangi nyekundu, je, si ndiyo maana macho yetu yaliwaona wao kwanza?

Wakataji wa mikoko nao wana elimu yao ya vipimo. Huipanga miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea. Uuzaji wa miti hiyo nchi za nje ulipigwa marufuku mwaka 1982, lakini dari za nyumba za kale za Lamu bado zimebebwa na boriti, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba. Mpeleke mzee wa kazi hiyo pamoja na wanafunzi. Yeye autazame mti kwa jicho aseme, “Hiyo bado pau, mwanangu,” na mwanafunzi aufunge utepe wa kupimia asome sentimita. Walinganishe miti ishirini hivi. Sijui somo bora zaidi juu ya maana ya kupima.

Kasa nao wana fungu lao. Pale Shela, ambako Lamu Marine Conservation Trust imekuwa ikilinda viota tangu 1992, kipimajoto kinatosha: joto la mchanga ndilo linaloamua kama kitoto kitakuwa dume au jike, na mchanga wa kivulini waweza kulinganishwa na wa juani bila kugusa yai lolote.

Mazoea haya ya kupima yana kazi hata nje ya shule. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Mwaka uliofuata, mahakama maalumu ya mazingira ikafuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe huko huko Lamu. Migogoro ya namna hii huja na ripoti nene zilizojaa majedwali, na wengi wetu huzipokea kwa heshima ya woga. Kijana aliyewahi kuhesabu miche ndani ya fremu ya mita moja, miguu imezama topeni, huuliza: mlipima wapi, fremu ngapi, wakati wa kusi au kaskazi?

Najua mashua ina nauli, jaketi za kuokolea lazima ziwepo, na walinzi wa misitu lazima waarifiwe. Mwalimu mkuu naye anahofia matokeo ya mtihani. Hata hivyo jedwali la maji la mwaka mzima hutolewa mapema. Libandikwe ofisini kando ya ratiba ya vipindi, na kila muhula asubuhi mbili za bamvu waachiwe wanabaiolojia. Vipindi vya masomo mengine vitalipwa wiki ya maji mafu.