Babu Aliyerudi Kuuliza

Msomaji kijana, hadithi za kutisha ni za namna mbili. Ziko zinazomtisha mtu usiku mmoja, na asubuhi akazicheka. Na ziko zinazomwandama hata mchana. Babu Alipofufuka, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 2001, ni ya namna ya pili.

Mtunzi huyu alizaliwa Unguja mwaka 1947. Wengi wetu tulimjua kwanza kwa Utengano, kitabu cha mwaka 1980 tulichokisoma katika shule za sekondari za Kenya. Humo uovu una sura. Maksuudi anamtawisha binti yake, Maimuna, na msomaji anajua wa kumchukia na wa kumhurumia. Basi nilipokuwa chuo cha ualimu, nikakutana na riwaya hii ya baadaye, nilikasirika. Mhusika mkuu hana hata jina kamili. Anaitwa K tu. Marehemu anasema na walio hai. Nilikifunga kitabu kabla ya nusu, nikahukumu kwamba mtunzi niliyempenda amepotea njia.

Hukumu ile ilikuwa ya haraka. Miaka ilipita, nikakisoma tena usiku huko Lodwar, upepo ukipiga mabati. K ni mkubwa serikalini, mwenye mali na cheo. Mzimu wa babu yake unamjia. Katika Julius Caesar, mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, mzimu unamtokea Brutus, naye ana damu ya mwenye mzimu mikononi. Babu huyu hadai damu. Anamchukua mjukuu wake na kumwonyesha maisha ya watu aliowaacha nyuma. Hana kisu, hana meno. Ana macho tu na maswali. Hapo ndipo nilipotishika, kwa kuwa kisu waweza kukikimbia.

Sisemi kwamba kitabu hakina ila. Ziko kurasa ambamo fikira zinaizidi nguvu hadithi, na msomaji aliyezoea mwendo wa Utengano atachoka. Asikiache, kama nilivyokiacha mimi.

Naam, nami nina hesabu yangu. Babu yangu alikuwa mfugaji. Aliuza mbuzi, mmoja baada ya mwingine, ili nisome. Alipofariki nilikuwa nasahihisha mitihani, nikatuma fedha badala ya kwenda. Ningeweza kumcheka K kama si mbuzi wale.

Mwaka jana nilikichukua kitabu hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, nikawasomea vijana sura chache. Baadhi yao walikuwa wenyeji, Waturkana; wengine wa kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Nilidhani wataogopa mzimu. Hawakuogopa hata kidogo. Kwa wengi wao wafu ni jamaa. Msichana mmoja wa kambini aliuliza, "Mwalimu, babu yangu alizikwa njiani. Akifufuka, atanijuaje mimi niliko?"

Sikupata jibu, wala sikumbuki kuliona kitabuni. K alikuwa na nyumba ambayo babu yake angeweza kuijia. Nilimwachia kitabu, jalada lake limekwisha kung'oka, lakini kurasa zote zimo.