Ugumu Si Uimara: Uhakiki wa Istilahi za Mawe na Vito

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi zilizotumiwa katika mswada mmoja wa tafsiri ulioletwa kwetu kwa maoni. Mswada huo ni mwongozo kwa watu wanaookota mawe kwa kujifurahisha, wakapenda kuyatambua, kisha kuyakata na kuyang'arisha kwa mikono yao wenyewe. Hatutamtaja mfasiri, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha yaweza kumpata kila afasiriye mambo ya ufundi.

Hapana shaka kazi yenyewe yastahili pongezi. Nchi yenye almasi za Mwadui, yakuti za Longido, na tanzanaiti iliyoanza kujulikana ulimwenguni mwaka 1967, haifai kuwa na wanafunzi wasioweza kulieleza jiwe kwa lugha yao. Lakini mwongozo wa ufundi hupimwa kwa swali moja: je, afuataye maneno yake atafanya lililokusudiwa? Hapo ndipo mswada huu unapoyumba.

Kosa kubwa limo katika neno ugumu. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini wa Ujerumani, Friedrich Mohs, alipanga madini kumi kwa ngazi, kuanzia talki, ambayo ni ya 1, hadi almasi, ambayo ni ya 10. Kanuni yake ni nyepesi: lililo juu hulikwaruza lililo chini. Ukucha wa mtu hukaribia ngazi ya 2.5, na kisu cha kawaida hukaribia 5.5. Basi ugumu katika elimu hii ni uwezo wa kustahimili mkwaruzo, wala si zaidi ya hapo. Mfasiri amelitumia neno hilohilo kwa uwezo wa jiwe kustahimili pigo, hata msomaji anaelekezwa katika ukurasa mmoja apime ugumu kwa kukwaruza, na katika ukurasa mwingine aelezwa kwamba jiwe gumu halivunjiki kwa nyundo.

Madhara ya mkorogo huo si ya maneno matupu. Almasi hukwaruza kila jiwe la asili lililomo katika ngazi za Mohs, lakini pigo moja la nyundo laweza kuipasua. Topazi ina ngazi ya 8, nayo hupasuka kwa urahisi kwa upande mmoja. Kinyume chake, nefraiti haizidi ngazi ya 6.5, lakini huvumilia mapigo kuliko hizo zote mbili. Mtu aliyesoma kwamba jiwe gumu halivunjiki, akaokota jiwe zuri na kutaka kulihakikisha kwa nyundo, atabaki na vipande mkononi, na hasara hiyo itakuwa imetokana na mfasiri.

Kwa hiyo twapendekeza ugumu ubaki kwa mkwaruzo, na uimara utumike kwa pigo. Wako watakaotaka ushupavu. Sisi twaona kwamba neno hilo limeshika sana tabia ya mtu, ilhali fundi yeyote husema kiti imara au jiwe imara bila kufikiri mara mbili.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba ngazi za Mohs zaonyesha mpangilio tu, wala hazipimi kiasi. Mswada wadai kwamba almasi ina ugumu mara mbili ya apataiti, eti kwa sababu 10 ni mara mbili ya 5. Hilo si kweli, kwani kutoka ngazi ya 9 hadi ya 10 pana pengo kubwa kuliko yote. Neno ngazi lifafanuliwe mwanzoni mwa kitabu.

Kosa la pili ni ufa. Mfasiri amelitumia kwa mambo matatu: nyufa zilizomo tayari katika jiwe, tabia ya jiwe kupasuka kwa kufuata bapa fulani, na namna livunjikavyo pasipo kufuata bapa lolote. Mswahili ajua kwamba ufa ni kitu kilichokwisha kutokea. Ndiyo maana huambiwa auzibe asije akajenga ukuta. Kwa tabia ya pili twapendekeza mpasuko, kwa mfano wa gogo linalopasuliwa kwa kufuata uzi wake. Na kwa ile ya tatu, mvunjiko. Hivyo mwalimu ataweza kusema kwa sentensi moja kwamba topazi ina mpasuko, lakini kwatzi haina: mvunjiko wake ni kama wa chupa.

Tatu, kuna mchirizi. Msomaji anaambiwa atazame rangi ya mchirizi wa jiwe, naye bila shaka atatafuta mistari juu yake. Linalokusudiwa ni kuliburuza jiwe juu ya kigae kisicho na mng'ao na kutazama unga unaobaki. Hematiti yaweza kuonekana nyeusi, lakini unga wake ni mwekundu wa kahawia. Basi na isemwe rangi ya unga.

Katika sura ya vifaa, mfasiri amekosea upande wa pili kwa kukopa asichokihitaji. Ameandika sandipepa, ilhali tunao msasa, neno lililotokana na mti wenye majani ya kukwaruza ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Kinoo, tupa na keekee nayo yamesahauliwa. Jiwe linalochongwa mviringo juu lingeitwa la mkato wa kuba, na lile lenye bapa nyingi, la mkato wa nyuso. Mahali pamoja tu twaogopa neno la zamani: msumeno. Sahani yenye chembe za almasi ukingoni haina meno. Husaga jiwe huku ikipozwa kwa maji au mafuta. Anayedhani ni msumeno ataisukuma kwa nguvu na kuiharibu. Twapendekeza sahani ya kukatia.

Mfano wa mwisho wakusanya yote tuliyosema. Jiwe la Longido lina yakuti nyekundu ndani ya zoisaiti ya kijani. Mswada, kwa kuona kijani, waandika zumaridi. Zumaridi ina ugumu wa 7.5 hadi 8. Zoisaiti ni 6 hadi 7, na yakuti ni 9. Msasa hula kijani haraka na kuacha wekundu umetuna, na fundi asiyeonywa hatapata uso laini. Onyo hilo haliwezi kuandikwa sawasawa ikiwa jina la jiwe si lake na neno ugumu halina mpaka.

Kwa kumalizia, twashauri mswada urudi kwa mfasiri, naye akae na mkata vito mmoja na mwalimu wa jiolojia mmoja kabla ya kuugusa tena. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi tulizotoa wasisite kutuandikia. Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na ulimi wa mfasiri ukijikwaa, kinachovunjika ni jiwe la mwenziwe.