Kiraka kinachobeba pizza ya Zanzibar

Jioni kwenye bustani ya Forodhani, Unguja, mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, wageni wengi huvutwa kwanza na meza za pweza na kamba. Picha zinapigwa huko. Ila anayependa kuona kazi ya mikono asimame kwenye meza ya pizza, maana pale chakula kinaundwa chote mbele ya macho ya mteja, kuanzia donge la unga hadi sahani.

Pizza yenyewe haina tanuri, hamira wala sosi ya nyanya. Ni unga wa ngano uliokandwa kwa maji, chumvi na mafuta kidogo, ukakatwa madonge, kisha madonge yakapakwa mafuta na kuachwa yalale. Hatua hii ya kulaza haina mkato. Unga uliotoka kukandwa ni mbishi: ukiuvuta, unajirudi. Ukishapumzika, gluteni hulegea, na donge dogo tu linakubali kutandazwa kwa viganja juu ya meza yenye mafuta mpaka linakuwa jembamba kama kanga iliyofuliwa mara nyingi.

Na hapo ndipo penye tatizo. Unga mwembamba hivyo utabebaje yai bichi, nyama na vitunguu vinavyotoa maji?

Jibu ni kiraka. Fundi hutandaza kipande cha pili, kidogo, akakiweka katikati ya kile kikubwa. Juu yake huweka nyama ya kusaga iliyokwisha kupikwa, vitunguu na pilipili hoho, kijiko cha mayonezi na jibini laini, akapasulia yai na kuvikoroga pamoja. Pembe zikikunjwa ndani, upande wa juu unapata tabaka kadhaa za unga, ilhali chini, bila kile kiraka, lingebaki tabaka moja tu. Kiraka kinasawazisha pande mbili. Ndicho kinachoufanya mraba ule uinuliwe na kutupwa kwenye kaango bapa lenye samli bila kumwaga kitu.

Kuanzia hapo mwenye kazi ni yai. Linapoiva, linashika nyama na vitunguu vikawa kitu kimoja. Ndiyo maana mkaa hautakiwi kuwa mkali: ganda likiungua mapema, ndani hubaki bichi.

Ufundi huu haukuzaliwa Forodhani. Mombasa wana mkate wa mayai, unga ule ule uliokunjwa juu ya mayai na nyama; Yemen na Hijazi wana mutabbaq; Malaysia wanaita murtabak. Wote ni watu wa bahari moja na biashara zake. Kilichoongezwa Unguja ni mayonezi, jibini na jina la Kitaliano, ambalo kwa biashara ni jina zuri sana na kwa maelezo ya chakula halisaidii chochote.

Jukwaa nalo limesaidia. Bustani ilitengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub, ikachakaa, ikafanyiwa ukarabati na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, ikiwa na taa na mifereji. Kwa mpishi anayefanya kazi usiku mbele ya foleni, taa si kitu kidogo.

Siku hizi kuna pizza za chokoleti na ndizi pia. Mara nyingi hazina yai, basi hakuna kinachoshika vilivyomo; chokoleti ikipata moto inatafuta njia ya kutokea, na anayeng'ata kwa pupa huiona ikimshukia mkononi. Ya nyama imeundwa vizuri zaidi.

Kabla ya kuagiza, subiri pizza ya aliyetangulia igeuzwe. Upande uliotoka kwenye kaango ukiwa na hudhurungi iliyosambaa sawasawa, meza hiyo inafaa. Ukiona kingo nyeusi na katikati peupe, moto umezidi, na yai la ndani pengine bado halijaiva.